Kisima Kimechimbwa. Je, Kijiji Kimepata Maji?

Kuna video ambayo karibu kila mtu wa Dodoma ameshatumiwa kwenye simu. Mtambo wa kuchimba umesimama katikati ya vichaka vya miiba, vumbi jeupe limetanda, halafu ghafla maji ya tope yanaruka juu kupita mlingoti. Akina mama wanapiga vigelegele, vijana wanalowa kwa makusudi, diwani anatafuta mahali pazuri pa kusimama. Chini yake pameandikwa kwamba kijiji fulani kimepata maji.

Maji yale yanarushwa na kompresa. Kwenye mwamba mgumu mtambo huchimba kwa nyundo iliyo chini kabisa ya shimo, na nyundo hiyo huendeshwa na hewa iliyoshindiliwa inayoshushwa ndani ya mabomba. Hewa inapopanda kurudi juu inabeba unga wa mwamba, ndilo lile vumbi. Ikikutana na maji njiani, inayabeba nayo. Kwa hiyo urefu wa mruko unakueleza zaidi habari za kompresa kuliko habari za kisima. Hata kisima dhaifu kinaweza kutoa video nzuri. Mchimbaji mzoefu huyaelekeza maji hayo kwenye ndoo, akashika saa na kukadiria, lakini hata yeye anajua kwamba hayo ni makadirio tu.

Makala hii ni ya yule anayejiuliza kwa nini kwao kulichimbwa kisima na bado watu wanachota korongoni. Nadhani tumezoea kuuliza swali dogo mno: "Maji yapo?" Chini ya sehemu kubwa ya Dodoma maji yapo. Yanayoamua ni mengine: yanatoka kwa kasi gani, yamebeba nini, na nani atalipa kuyapandisha juu kila siku kwa miaka 15 ijayo.

Mwamba wa Dodoma

Yale majabali makubwa unayoyaona ukiwa Dodoma mjini ni vichwa tu vya mwamba uliotandazwa chini ya sehemu kubwa ya mkoa na kuvuka hadi Singida. Ni granaiti na mawe ya jamii yake, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, miongoni mwa mawe ya kale zaidi Afrika Mashariki. Granaiti nzima, isiyo na ufa, haihifadhi maji. Ile picha ambayo wengi tunayo kichwani, ya mto unaopita gizani chini ya ardhi, haina nafasi hapa.

Maji yanakaa sehemu mbili. Kwanza ni lile tabaka la juu ambalo jua, mvua na muda vimelilainisha, mwamba uliooza ukawa mchanganyiko wa changarawe, mchanga na udongo. Unene wake hubadilika sana; mahali pengine ni mita chache, pengine ni makumi ya mita. Pili ni nyufa za mwamba mgumu ulio chini yake. Kisima kizuri mara nyingi hupata vyote viwili: tabaka laini la juu linahifadhi, nyufa za chini zinasafirisha.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini shimo moja linatoa maji na jingine, hatua 50 kutoka hapo, linatoa vumbi hadi mwisho. La kwanza limekata ufa, la pili limepita katikati ya mwamba mzima. Na hapo pia unaelewa kwa nini kelele za "ongezeni mita" hazisaidii kila wakati. Kadiri unavyoshuka, uzito wa mwamba wa juu unazibana nyufa, zinakuwa chache na nyembamba. Visima vingi vya mkoa huu huvuka mita 60, na vingine hufika 150, lakini kuna kina ambacho ukikivuka unalipia kila mita kwa ajili ya jiwe kavu. Mtaalamu anayesema "tuishie hapa, tuhamie pengine" anaweza kuonekana mvivu mbele ya wananchi, kumbe ndiye anayeokoa fedha zao.

Kabla ya mtambo kuja, wapimaji huchomeka vyuma ardhini na kupitisha umeme. Granaiti kavu inaukataa umeme. Mwamba wenye nyufa na unyevu unaupitisha. Wakivitanua vile vyuma, umeme unazama zaidi, na wanapata picha ya matabaka bila kuchimba. Njia hii ni nzuri lakini ina mtego. Udongo wa mfinyanzi nao unapitisha umeme vizuri, na mfinyanzi hushikilia maji bila kuyaachia. Maji ya chumvi yanaupitisha vizuri kuliko yote. Kwa hiyo kipimo kinachopendeza kwenye karatasi kinaweza kuwa mfinyanzi, au kinaweza kuwa maji ambayo hata mbuzi atayakataa. Mpimaji makini haishii kwenye mashine. Anatazama picha za satelaiti kutafuta mistari ya mipasuko, anatafuta kumbukumbu za visima vya jirani, kisha anatembea.

Na akitembea, amsikilize mzee wa hapo. Mzee anajua korongo lipi hubaki na unyevu mwezi wa Oktoba, mkuyu upi hauangushi majani, na kisima cha zamani cha mifugo kilikuwa wapi kabla ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji wakati wa Operesheni Dodoma. Hizo ni taarifa za miaka 60 ambazo hakuna mashine inayozitoa kwa asubuhi moja. Yule anayezunguka na kijiti chenye panda kikitetemeka mkononi ni habari nyingine. Majaribio yaliyofanywa kwa utaratibu hayajaonyesha kwamba anapata maji kuliko mtu anayebahatisha.

Kikwazo kingine hakimo kwenye mwamba kabisa. Vipimo vinasema mahali bora ni kule bondeni, kilomita moja na nusu kutoka kijijini. Mkutano unataka kisima kiwe karibu na shule, au karibu na nyumba ya mtu fulani. Wakati mwingine mkutano unashinda na kisima kinachimbwa pale pale shuleni, kikavu.

Mvua ya mwaka mmoja kati ya mingi

Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Jua na upepo wa hapa vina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukifanya hesabu ya haraka, hakuna tone ambalo lingefika chini. Na kwa miaka mingi ndivyo inavyokuwa hasa: mvua inalowesha udongo wa juu, mtama na uwele vinakunywa, kilichobaki kinarudi hewani kabla hakijavuka mizizi.

Basi maji ya visimani yanatoka wapi? Jibu bora tulilonalo limetoka hapa hapa Dodoma. Makutupora, takribani kilomita 30 kaskazini mwa jiji, ndiko kwenye visima vilivyoilisha Dodoma mjini kwa miongo mingi. Wahudumu wa visima hivyo wamekuwa wakiandika kina cha maji tangu miaka ya 1950, kazi isiyo na sifa yoyote, namba juu ya namba. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Kitanzania na Kiingereza wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London lilichapisha kumbukumbu hizo za miaka 55 katika jarida la Nature Climate Change. Zilionyesha kwamba maji ya chini hushuka mwaka baada ya mwaka, taratibu, halafu msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida unayarudisha juu kwa mkupuo. Mara nyingi misimu hiyo huendana na El Niño na kupata joto kwa upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Msimu wa 1997/98, ule ambao watu wengi wanaukumbuka kwa madaraja na reli vilivyosombwa, ulikuwa neema kubwa kwa Makutupora.

Mgogo hahitaji kuelezwa jambo hili kwa grafu. Kihenge hujazwa mwaka wa neema, na chakula hicho huvusha kaya kwenye miaka ambayo shamba halikutoa kitu. Maji ya chini ya Dodoma ni kihenge cha aina hiyo. Unachochota leo huenda kiliingia wakati mtoto wako hajazaliwa.

Tafiti zilizofuata katika bonde hilo hilo zimeonyesha pia mlango yanapoingilia. Sehemu kubwa huzama kupitia vitanda vya mchanga vya mito ya msimu, kama Kinyasungwe Mdogo, katika zile siku chache ambazo mto unatiririka kwa nguvu. Kwa hiyo lile korongo ambalo miezi minane ya mwaka ni njia ya mbuzi na uwanja wa kuchezea watoto ndilo linalojaza kisima. Nikiona malori yanapanga foleni kuchota mchanga wa mito kwa ajili ya ujenzi wa jiji, najiuliza kama aliyetoa kibali alikaa na watu wa maji kwanza.

Ukilielewa hili, mambo mawili yanabadilika kijijini. Kisima ambacho maji yake yameshuka kwa miaka mitatu mfululizo huenda hakifi. Huenda kinasubiri msimu wake, na kinachotakiwa ni kupunguza kasi ya kuvuta hadi msimu huo ufike. Na kisima kilichopimwa Aprili, baada ya mafuriko, kinaweza kutoa majibu matamu ambayo Novemba itayakanusha. Ningependa kila kijiji chenye kisima kirefu kiwe na utepe wa kupimia na daftari, na mtu wa kuandika kina cha maji mara moja kwa mwezi. Kifaa chenyewe si ghali ukilinganisha na pampu. Vijiji vinavyofanya hivyo ni vichache mno.

Lita ngapi

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha chini kwa vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kisihudumie watu zaidi ya 250. Chukua kijiji cha watu 3,000. Wanahitaji lita 75,000 kwa siku. Ongeza ng'ombe 500 wanaokunywa lita 30 kila mmoja, hiyo ni lita 15,000 nyingine, na kwenye nchi ya wafugaji usijidanganye kwamba ng'ombe watasubiri. Jumla ni lita 90,000. Sasa chukua kisima kinachotoa lita 3,000 kwa saa, ambacho kwa mwamba wetu si kibaya hata kidogo. Ukikivuta saa 10 kwa siku unapata lita 30,000. Theluthi moja.

Kile kijiji cha kwenye video kimepata theluthi ya maji, na hakuna aliyewaambia.

Namba hiyo ya lita 3,000 inapatikana kwa jaribio la kuvuta maji. Pampu ya majaribio inashushwa, kwanza inavuta kwa hatua, kidogo kisha zaidi, halafu inavuta kwa kasi moja bila kusimama, kwa kawaida saa 24, huku mtu akipima jinsi maji yanavyoshuka kisimani. Pampu ikizimwa, anapima tena jinsi yanavyorudi. Kasi ya kurudi ni ushahidi mzuri sana. Maji yakirudi haraka, nyufa zimeungana na eneo kubwa. Yakisuasua, huenda ulikuwa unavuta kidimbwi kilichofungiwa ndani ya mwamba, nacho kitaisha.

Jaribio hili ndilo linalorukwa kwanza fedha zikipungua, au linafupishwa kuwa saa chache. Matokeo yake ni pampu kubwa kuliko kisima. Inavuta maji hadi yanashuka chini ya sehemu ya bomba yenye matundu, mchanga unaingia, mota inakosa maji ya kuipoza, inaungua. Wananchi wanasema kisima kimekauka. Kisima hakijakauka.

Kilichomo ndani ya maji

Maji ya mwambani hutoka maangavu kwa sababu yamechujwa njiani. Vijidudu vingi havifiki huko chini, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuyapendelea kuliko ya lambo. Kinachoyachafua maji ya kisima kirefu kwa vijidudu mara nyingi ni uzembe wa juu: mita za kwanza za shimo hazikuzibwa vizuri kwa saruji au udongo wa kuziba, zege la juu limepasuka, birika la mifugo limejengwa ubavuni mwa kisima, choo kiko upande wa juu wa mteremko. Haya yanarekebishika. Na tusisahau safari ya ndoo: maji safi ya kisima yanaweza kuharibika kwenye dumu lenye ukungu au kwa kata inayoshikwa na kila mkono.

Kinachosumbua zaidi ni yale yaliyoyeyuka ndani ya maji kutoka kwenye mwamba wenyewe. Chumvi ni rahisi kuijua, ulimi unatosha. Magharibi ya mkoa, mto Bubu unamwaga maji yake kwenye bwawa la Bahi, na bonde hilo halina njia ya kutokea baharini. Maji yanaingia, jua linayakausha, chumvi inabaki, na imekuwa hivyo kwa maelfu ya miaka. Haishangazi kwamba huko unaweza kuchimba, ukapata maji mengi, na usiweze kuyanywa.

Floridi haina ladha, wala rangi, wala harufu. Kidogo chake kinalinda meno. Ikizidi inayageuza kuwa ya kahawia kwa watoto ambao meno yao bado yanajengeka, na ikizidi sana kwa miaka mingi inakakamaza mifupa na kupinda miguu. Watu wa Arusha na Singida wanaifahamu, na baadhi ya maeneo ya Dodoma nayo inayapata, kwa sababu inatoka kwenye madini ya granaiti na mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye 4, na sasa imeshuka kwenye 1.5. Usimcheke aliyeweka 8. Mwaka 1974 kufunga kila kisima kilichozidi 1.5 kungewarudisha watu wengi kwenye madimbwi, na madimbwi yanaua mtoto kwa wiki moja wakati floridi inachukua miaka.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu linakosewa majumbani: kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki ile ile kwenye maji machache zaidi, yaani inakolea. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanyia kazi kwa miaka mingi chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo linainasa. Linafanya kazi, ila mkaa huo unachoka na lazima ubadilishwe, na tumerudi pale pale kwenye swali la nani atanunua mwingine.

Nitrati, chumvi inayotokana na samadi na kinyesi, nayo ipimwe, hasa karibu na mazizi ya zamani na makazi yaliyobanana yenye vyoo vya shimo. Ni hatari zaidi kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo.

Safi haitoshi bila wingi. Wilaya ya Kongwa, ile ambako Waingereza walileta matrekta yao ya mradi wa karanga mwaka 1947 na kushindwa na ukame na udongo mgumu, ilikuja kujulikana duniani kwa jambo jingine: utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha. Watafiti walionyesha huko, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995, kwamba kuwanawisha watoto uso kwa utaratibu pamoja na dawa kulipunguza trakoma kali. Ndoo inapokuwa ya saa tatu za kutembea, uso wa mtoto hauwi wa kwanza kwenye mgao.

Kuyapandisha

Pampu inayovuta kwa kufyonza kutoka juu haiwezi kuzidi mita saba au nane. Hilo ni sharti la uzito wa hewa, halibadiliki kwa pampu ya bei kubwa. Ndiyo maana bomba la mkono la kisima kirefu lina silinda yake huko chini majini. Bomba la aina ya Afridev linafika kama mita 45, la India Mark II karibu na hapo. Zaidi ya kina hicho, mkono wa mama mjamzito au wa mtoto wa darasa la nne hauwezi tena. Kwa kuwa maji ya Dodoma mara nyingi yako chini zaidi, vijiji vingi vya hapa vilianzia moja kwa moja kwenye injini ya dizeli, na pamoja nayo vikarithi shida ya dizeli: fedha taslimu kila wiki, na mtu wa kuifuata mjini.

Umeme wa jua umebadilisha hali hii kwa kiasi kikubwa. Kupandisha lita 5,000 kwa saa kutoka mita 100 kunahitaji kama kilowati 1.4 za kazi halisi. Pampu na mota hupoteza karibu nusu, kwa hiyo unahitaji paneli za kilowati tatu au nne, kitu kinachoingia kwenye uwanja mdogo wenye uzio. Hakuna mafuta ya kununua. Tenki kubwa lililoinuliwa linachukua nafasi ya betri: unavuta jua likiwaka, watu wanachota asubuhi na jioni. Ila wauzaji wanapenda kusema sola haina gharama, na hiyo si kweli. Pampu inachoka, kidhibiti kinaungua kwa radi, paneli zinaibwa. Gharama za dizeli zilikuwa ndogo na za kila wiki. Gharama za sola zinakuja ghafla, baada ya miaka saba, za mamilioni, wakati kila mtu alishazoea kwamba maji hayana gharama.

Shilingi hamsini ya ndoo

Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Maji yalikuwa bure, serikali ikijenga na kutengeneza. Ulikuwa mpango wenye heshima. Ulipofika mwaka wenyewe, chini ya nusu ya watu wa vijijini ndio waliokuwa na huduma, na mitambo mingi iliyokuwa imejengwa ilikuwa imelala ikisubiri fundi wa wilaya asiye na gari wala vipuri. Sera ya 1991 ikaanza kuwashirikisha wananchi katika gharama, ile ya 2002 ikawakabidhi mradi wenyewe. Dodoma ilikuwa imeanza kujifunza mapema: mpango wa WAMMA wa miaka ya 1990 uliunganisha shirika la WaterAid na maofisa wa maji, maendeleo ya jamii na afya wakaenda vijijini kwenye gari moja, kabla ya kuchimba, kuzungumza kwanza habari za fedha na kamati.

Kukabidhi hakukutosha. Serikali ilipovihesabu vituo vya maji vya vijijini nchi nzima miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havifanyi kazi. Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 ikaunda RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na chini yake vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi tunaviita CBWSO. Tofauti kubwa na kamati za zamani ni kwamba chombo kimoja kinaweza kushika vijiji kadhaa na kuajiri mhasibu na fundi badala ya kutegemea wajitoleaji. Kwa maoni yangu hilo ni jambo bora kuliko mitambo yote iliyonunuliwa, kwa sababu ufa wa bajeti ya kijiji kimoja hauzibiki na kijiji hicho peke yake.

Ufa wenyewe uko hivi. Ndoo ya lita 20 kwa shilingi 50 imekuwa bei iliyozoeleka. Tuseme kiangazi zinauzwa ndoo 1,500 kwa siku. Zinaingia shilingi 75,000. Mvua zikianza, madimbwi yanajaa, korongo linatiririka, na ndoo zinashuka hadi 300. Zinaingia shilingi 15,000. Mlinzi analipwa vile vile. Muuza maji analipwa vile vile. Na madimbwi hayo ya bure ndiyo yenye kuhara. Mtu asiye na shilingi 50 mfukoni mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu na mavuno bado, hakosei hesabu anapokwenda dimbwini. Anafanya hesabu ya kweli ya siku hiyo. Baadhi ya vijiji hukusanya mchango wa maji baada ya mavuno, wakati fedha ipo, badala ya ndoo kwa ndoo. Mita za kulipia kabla nazo zimesaidia mahali ambapo fedha zilikuwa zinapotelea kati ya kituo na benki, ingawa mita iliyoharibika inafunga maji kwa kila mtu.

Kuna vijiji ambavyo mwamba utawakatalia tu, au utawapa chumvi. Huko ni afadhali kuvuta bomba kutoka kisima kizuri cha kijiji cha pili kuliko kuchimba shimo la nne. Paa la shule la mita za mraba 100 linaweza kukusanya karibu lita 44,000 kwa mwaka wa mvua ya kawaida, yatosha kunywa na kunawa kwa muda. Kizuizi kidogo cha zege kwenye korongo la mchanga kinazuia mchanga na maji yaliyofichwa ndani yake, mbali na jua. Wagogo wamekuwa wakifukua mchanga huo tangu zamani. Kizuizi kinaongeza tu kiasi cha kufukuliwa.

Kama mtambo unakuja kijijini kwenu mwaka huu, ombeni kitu kimoja ambacho hakiongezi gharama yoyote: taarifa ya kisima. Ni kurasa chache. Inaonyesha matabaka yaliyopitiwa, kina ambacho maji yalipatikana, maji yalipotulia, yalishuka kiasi gani wakati wa kuvuta, pampu iliwekwa mita ya ngapi, matundu ya bomba yako wapi, na maabara ilisema nini. Mchimbaji anaiandika, ofisi ya serikali inayosimamia maji ya bonde inahitaji nakala, na mara nyingi safari yake inaishia huko. Nakala moja ikae kwenye ofisi ya kijiji, nyingine kwa chombo cha maji. Fundi atakayekuja mwaka 2035 kubadilisha pampu ataanza na karatasi hizo. Asipozikuta ataanza kwa kukisia, na gharama ya kukisia kwake itaongezwa kwenye bei ya ndoo.